Mwenzenu Ameanza Kemo: Kanisa Limsaidie Vipi, Hatua kwa Hatua

Tangazo likishasomwa kanisani kwamba fulani ana saratani na anaanza tibakemia (kemo, yaani matibabu ya saratani kwa dawa), maswali huwa ni yale yale. Twende kumwona lini? Tumpelekee nini? Watoto waje? Kumgusa hakuna shida? Na lile linaloulizwa pembeni, baada ya ibada: hivi nani hasa anashughulikia hili jambo? Mwongozo huu ni wa huyo "nani hasa". Kama uliinua mkono kwenye kikao, au wengine walikuinulia, soma hadi mwisho kabla hujampigia mtu simu.

Shika hili kwanza. Kemo huenda kwa miezi, lakini msaada wa kanisa mara nyingi ni nguvu ya soda. Kabla ya dripu ya kwanza nyumba inajaa hadi viti vinaazimwa kwa jirani. Ikifika dripu ya nne mgonjwa anatafuta mtu wa kumsindikiza hospitali na hampati. Kwa hiyo usijipe kazi ya kuhamasisha, watu wameshahamasika. Kazi yako ni kuutandaza msaada ufike hadi mwisho wa matibabu, na kuuelekeza kwenye siku unapohitajika kweli. Fuata kalenda ya dawa, si kalenda ya kanisa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ruhusa ya mgonjwa mwenyewe. Ya mume, mke au mtoto wake haitoshi kama mwenyewe ana akili timamu na anaweza kusema.
- Mratibu mmoja na msaidizi mmoja. Kamati ya watu kumi na wawili ni njia nzuri ya kuhakikisha kila mmoja anadhani mwenzake ameshakwenda.
- Tarehe za mizunguko ya dawa, kama hospitali ilivyoziandika.
- Namba ya simu ya kitengo cha saratani, pamoja na ya kupiga usiku na siku za mapumziko. Iandikwe karatasini na kubandikwa ukutani nyumbani kwa mgonjwa, isikae ndani ya simu ya mtu mmoja tu.
- Kipimajoto cha dijitali kinachofanya kazi. Kijaribuni.
- Daftari la kawaida. Makundi ya simu hufukia habari muhimu chini ya salamu mia.
- Sabuni ya mikono mlangoni, barakoa chache, na glavu za kutupa.

Kemo inavyokwenda, kwa ufupi

Dawa za kemo hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani ni za aina hiyo, lakini ndivyo zilivyo pia za mizizi ya nywele, utando wa mdomo na utumbo, na uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana nywele, mdomo, tumbo na kinga huweza kuumia kwa wakati mmoja. Dawa hutolewa kwa mizunguko: siku moja au chache za dawa, kisha mapumziko ili mwili ujijenge. Mipango mingi huzunguka kila wiki 2 au 3, mingine kila wiki, na wapo wanaomeza vidonge nyumbani. Kabla ya kila mzunguko damu hupimwa, na seli nyeupe zikiwa chini mno dawa huahirishwa.

Kinachowaponza wengi ni hiki: kichefuchefu hutangulia, kinga hushuka baadaye. Kwa mipango mingi kinga hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Wakati huo mgonjwa anaweza kuwa ameshaanza kula, anacheka, amekaa barazani. Wanaopita wanasema "kumbe amepata nafuu", na Jumapili hiyo kwaya nzima inafika. Ni wiki mbaya kuliko zote za kupokea wageni.

Saratani haiambukizi. Kumkumbatia, kumshika mkono na kukaa naye hakukudhuru. Anayehitaji kulindwa ni yeye, dhidi ya mafua yako.

Hatua ya 1: Ongea na mgonjwa kabla ya kuongea na kanisa

Mwendee peke yako, kwa miadi. Muulize mambo manne: nani ajue, ajue kiasi gani, nani asije kabisa, na jambo gani hataki kusaidiwa. Hili la mwisho watu hulisahau. Yupo ambaye hataki mtu yeyote aingie jikoni mwake, na yupo ambaye hataki afuliwe nguo za ndani na shemasi anayemwona kila Jumapili. Andika majibu yake, na uyarudie kwake kila baada ya mizunguko miwili, maana watu hubadilika.

Maneno ya tangazo la kanisani ayapitishe yeye. Kitu kama: "Ndugu yetu anaendelea na matibabu. Anaomba tumwombee, na kwa sasa asipigiwe simu. Mwenye nia ya kusaidia amwone mratibu baada ya ibada." Aina ya saratani, hatua iliyofikia na jina la hospitali si mali ya kanisa.

Kosa la kawaida: kuuliza "tukusaidie nini?" Mgonjwa aliyechoka atajibu "hamna shida, tuombeane", nanyi mtarudi mmeridhika. Muulize swali lenye vitu viwili vya kuchagua: "Alhamisi nije nifue, au niwachukue watoto shuleni?"

Hatua ya 2: Weka mlango mmoja wa habari

Habari zote kutoka nyumbani kwa mgonjwa zipitie kwa mratibu, na maswali yote kutoka kanisani yapitie kwa mratibu. Bila hivyo, mke au mume wa mgonjwa atasimulia matokeo ya vipimo mara ishirini kwa siku, na kila mara ni kama anavisikia upya.

Kama mnatumia kundi la simu, weka sheria tatu: hakuna picha za mgonjwa, hakuna ushauri wa tiba, na mgonjwa mwenyewe hamo ndani yake isipokuwa ameomba. Habari fupi mara moja kwa wiki inatosha. Zikikosekana habari mpya, andika "hakuna jipya, ratiba inaendelea", la sivyo watu watajaza pengo kwa uvumi.

Hatua ya 3: Chora kalenda ya mzunguko

Hii ndiyo kazi kubwa, ifanye ukiwa umetulia. Chukua karatasi, andika tarehe ya dripu kuwa siku ya 1, kisha hesabu. Kwa mzunguko wa siku 21, mgawanyo unaweza kuwa hivi:

- *Siku ya 1.* Usafiri wa kwenda na kurudi, mtu mmoja wa kumsindikiza, na mtu wa kupokea watoto.
- *Siku ya 2 hadi ya 6.* Kichefuchefu na uchovu. Chakula cha familia, kufua, kuteka maji, kusafisha. Wageni hakuna. Ujumbe mfupi wa simu unafaa, ila uwe usiodai jibu.
- *Siku ya 7 hadi ya 14.* Kinga iko chini. Msaada uishie mlangoni: kuleta vitu, kununua dawa, kuwapeleka watoto. Joto la mwili lipimwe kama hospitali ilivyoelekeza na kila anapojisikia vibaya.
- *Siku ya 15 hadi ya 21.* Nguvu hurudi. Hapa ndipo pa kuweka wageni, sala ya nyumbani, meza ya Bwana, matembezi, na kucheka.

Kisha muulize daktari au muuguzi kama picha hiyo inalingana na dawa za mwenzenu, kwa sababu mipango inatofautiana. Mzunguko wa kwanza ukiisha, kaa na mgonjwa urekebishe: siku zipi zilikuwa mbaya kweli? Mzunguko wa pili mara nyingi hufanana na wa kwanza kiasi cha kupangika, ingawa uchovu huelekea kulimbikizana kadiri mizunguko inavyosonga.

Angalizo moja kuhusu siku ya 1 na ya 2. Dawa za kuzuia kutapika mara nyingi huambatana na deksamethasoni, ambayo inaweza kumkosesha mtu usingizi na kumchangamsha. Atakupigia saa tano usiku akiwa na hadithi. Usifute zamu za siku ya 3 na ya 4 kwa sababu "jana alikuwa mzima kabisa". Dawa hiyo ikikatika, wengi huporomoka.

Gawa zamu kwa mizunguko yote tangu mwanzo. Anayekuja na moto wa "nitakuja kila siku" mpe siku mbili kwenye mzunguko wa tano. Akinuna, mwambie ukweli: siku hiyo ndiyo hatapatikana mwingine.

Hatua ya 4: Siku ya dripu

Msindikizaji awe mmoja, mtulivu, aliyelala vizuri, na asiye na mafua. Asijipake manukato, harufu nzito kwenye chumba cha dripu inaweza kumtapisha mgonjwa wenu na wa kiti cha pili.

Mfuko wa kubeba: shuka au blanketi jepesi, soksi, maji, kitu kidogo cha kula, mfuko wa kutapikia, tishu, chaja ya simu, kadi na karatasi zote za hospitali, na daftari. Nguo iwe yenye mikono inayopanda kwa urahisi, au yenye vifungo mbele kama dawa inapitia kwenye mrija wa kifuani.

Kukaa kwenyewe huchukua saa kadhaa: kusubiri majibu ya damu, kusubiri dawa ichanganywe, kisha dripu zenyewe moja baada ya nyingine. Si lazima kuzijaza kwa maongezi. Msindikizaji mzuri anajua kusoma chake, kutazama kama chupa inakaribia kuisha, na kumwita muuguzi mara moja mgonjwa anaposema sindano inachoma au mkono unavimba. Hilo halisubiri. Baadhi ya dawa zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama.

Msindikizaji aandike anachosema daktari, neno kwa neno, pamoja na saa za kumeza dawa za nyumbani. Mgonjwa atakumbuka nusu, na nusu hiyo ataikumbuka kinyume.

Ulizeni pia kuhusu baridi. Wanaopewa oksaliplatini, mojawapo ya dawa za kemo, kwa siku kadhaa baada ya dripu hupata ganzi na vichomi vikali wakigusa au kunywa kitu cha baridi, hata koo linaweza kukaza kama linafunga. Soda ya barafu iliyonunuliwa kwa mapenzi njiani kurudi nyumbani inakuwa adhabu.

Hatua ya 5: Chakula

Msipeleke masufuria. Pelekeni vibakuli vidogo vyenye vifuniko, vilivyoandikwa tarehe, visivyodaiwa kurudishwa. Mgonjwa mwenye kichefuchefu akiona sinia limejaa, tumbo linafunga. Kibakuli cha vijiko sita atakimaliza na kujiona ameshinda. Mara tano au sita kwa siku, kidogo kidogo, ni bora kuliko milo mitatu mizito.

Pikieni nje ya nyumba yake. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa hupita chini ya mlango, hufika kitandani kabla ya mpishi kusema hodi. Chakula cha vuguvugu au kilichopoa hunuka kidogo kuliko cha moto. Kama analalamika kwamba kila kitu kina ladha ya chuma, jaribuni kijiko cha plastiki au cha mbao. Na chakula alichokipenda kuliko vyote msimletee siku ya 2. Akikitapika mara moja, anaweza asikitamani tena kwa mwaka mzima.

Mdomo ukiwa na vidonda, ondoeni pilipili, ndimu, vitu vikavu na vya moto sana. Laini na vilivyopoa ndivyo vinavyopita. Kusukutua kwa maji ya chumvi kidogo husaidia wengi, ila dawa za kusukutua zenye kileo huchoma, ziachwe dukani.

Usafi ndio usiojadiliwa. Kinga ikiwa chini:

- hakuna mayai mabichi wala yenye ute unaotiririka, hakuna nyama au samaki wasioiva, hakuna maziwa yasiyochemshwa;
- matunda na mboga zioshwe vizuri kwa maji salama, na ya kumenya yanafaa zaidi;
- chakula kilichokaa nje zaidi ya saa 2 kisipelekwe. Kilichobaki kwenye sherehe ya kanisa ndicho hicho hicho.

Makosa mawili hapa hurudiwa kila mahali. La kwanza ni kusahau familia: kibakuli cha mgonjwa kinafika, watoto wanalala na chai. La pili ni kumwingiza mgonjwa kwenye mfungo. Kanisa likitangaza siku za kufunga kwa ajili yake, fungeni ninyi, yeye ale. Mchungaji au padri amwambie hivyo kwa kinywa chake, maana wapo wanaojinyima kimyakimya wakiogopa kuonekana imani imepungua.

Hatua ya 6: Kazi za nyumbani

Fua, safisha, teka maji, lipa bili, peleka watoto. Hapa hapahitaji maelezo mengi, isipokuwa kuhusu majimaji ya mwili. Kwa takriban saa 48 baada ya dawa, na kwa baadhi ya dawa muda mrefu zaidi, mkojo, kinyesi na matapishi huwa na mabaki ya kemo. Anayesafisha avae glavu na anawe mikono baadaye. Shuka na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Choo cha kuvuta kivutwe mara mbili kikiwa kimefunikwa. Mjamzito asipewe kazi hiyo. Kupika, kufagia na kukaa na mgonjwa anaweza.

Maua mabichi kwenye chombo cha maji, kazi za bustani na kusafisha banda la kuku ni vitu vya kumwepusha navyo mgonjwa wakati kinga iko chini. Wapeni wajukuu.

Hatua ya 7: Kumtembelea na kumwombea

"Mgeni njoo, mwenyeji apone" ni methali nzuri, lakini haikutungwa kwa ajili ya siku ya 10 ya kemo.

Kabla ya kwenda, jipime. Una mafua, kikohozi, homa, unaharisha, au umetoka kuuguza mwenye tetekuwanga au surua? Baki nyumbani, tuma ujumbe. Mtoto wako amepata chanjo hai (yenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa) hivi karibuni, kama ile ya polio ya matone? Muulize muuguzi kwanza. Ukifika, nawa mikono kabla ya salamu. Usingoje uombwe, mgonjwa hataweza kumwambia mama mchungaji akanawe.

Waende wawili, dakika 20. Ndiyo, 20. Mwenyeji akisema "mbona mapema", simama hivyo hivyo. Hata akisisitiza. Adabu inamlazimisha aseme, na mwili wake unasubiri mlango ufungwe. Msitarajie kuandaliwa chochote, na mseme hivyo mlangoni ili aliyeko jikoni akae chini.

Sala iwe fupi na ya sauti ya kawaida. Muulize anataka kuombewa nini leo. Jibu linaweza kuwa "nilale usiku", nawe umekuja na sala ya mataifa. Omba usingizi. Kumwekea mikono ni sawa mkiwa mmenawa na amekubali, lakini mikono sita ikikandamiza kichwa kinachouma, au kifua chenye mrija, ni maumivu tu. Kwa wanaopaka mafuta, tone moja kwenye paji la uso linatosha, mafuta yasiyo na harufu.

Meza ya Bwana au komunyo ipelekwe nyumbani katika siku za nguvu. Panapotumika kikombe kimoja kwa wote, kiongozi wa ibada apange namna nyingine kulingana na taratibu za madhehebu yenu. Akitaka kuja kanisani mwenyewe, mtengee kiti karibu na dirisha au mlango, afike watu wameshaketi, aondoke kabla ya msongamano, na wakati wa kupeana amani apungiwe mkono.

Maneno ya kuacha nyumbani: "mjomba wangu alikuwa nayo hiyo hiyo" (kisha hadithi inaishia makaburini); "ni jaribu, lina sababu yake"; "umekonda!", "ukiamini utapona". Hili la mwisho lina sumu yake: vipimo vikija vibaya, mgonjwa atajihesabia kosa. Badala yake zungumza mambo ya kawaida, nani kaoa, mpira ulikwendaje, ugomvi wa kwaya umefikia wapi. Watu wenye saratani huchoka kuwa saratani kutwa nzima.

Nywele: kwa dawa zinazoangusha nywele, huanza kudondoka wiki 2 hadi 4 baada ya dozi ya kwanza, na hata nyusi huweza kuondoka. Si dawa zote hufanya hivyo. Akitaka kunyoa mapema, mtafutie kinyozi aje nyumbani. Vijana wakitaka kunyoa wote kumuunga mkono, waulize kwanza kama mwenyewe anataka kutazamwa kiasi hicho.

Hatua ya 8: Pesa

Mfuko wake uwe tofauti na wa kanisa, wenye watu wawili wa kuidhinisha, na kila kitu kiandikwe. Ulizeni familia gharama zisizoonekana: usafiri, vipimo, kodi, ada, mshahara uliokatika. Pesa kidogo kila mzunguko humsaidia zaidi kuliko mchango mmoja mkubwa wenye picha. Majina ya waliotoa na viwango vyao yasisomwe mbele ya mgonjwa. Anayetibiwa kwa pesa za watu tayari anajua kwamba anadaiwa shukrani.

Hatua ya 9: Mwangalie anayemwangalia

Nyuma ya kila mgonjwa yupo mtu ambaye hajalala. Muulize yeye: "Wewe umekula?" Kisha mpe vitu viwili katika kila mzunguko: usiku mmoja wa kulala akijua mwingine yuko macho, na saa chache za kutoka nyumbani bila kutumwa chochote. Watoto nao wapate mtu mzima mmoja wa kanisa anayeweza kujibu maswali yao bila kudanganya. Wanajua zaidi ya mnavyodhani.

Ikitokea shida

*Joto limefika nyuzi 38 au zaidi, au anatetemeka kwa baridi hata bila homa.* Hii ni dharura, iwe mchana au usiku. Hospitali nyingi hutumia kikomo hicho. Kama yenu imewapa namba nyingine, fuateni hiyo. Piga simu kitengo cha saratani na muanze safari. Msimpe paracetamol kabla hospitali haijasema, kwa sababu itashusha joto na kuficha maambukizi. Msingoje asubuhi, wala msianze mkesha wa maombi mkiwa mmefunga mlango. Ombeni garini. Fikeni mkisema wazi: "Yuko kwenye kemo na ana homa."

*Anapumua kwa shida, kifua kinauma, anatokwa damu isiyokoma, amechanganyikiwa, au anatapika na kuharisha kiasi kwamba maji hayakai.* Hospitali mara moja, kwa namna hiyo hiyo.

*Mkojo ni mwekundu.* Ulizeni amepewa dawa gani. Doksorubisini, mojawapo ya dawa za kemo, yenyewe ni nyekundu na hupaka rangi mkojo kwa siku 1 au 2. Ukiendelea baada ya hapo, au dawa si hiyo, pigeni simu hospitali.

*Dawa imeahirishwa.* Ni jambo la kawaida, damu haijapanda. Sogeza kalenda nzima, wajulishe wenye zamu siku hiyo hiyo, na umwambie mgonjwa kwamba hajamharibia mtu ratiba. Wengine hulia kwa hili kuliko walivyolia siku ya majibu.

*Mtu ameleta mizizi, unga au chai ya kutibu saratani.* Mshukuru, kiweke pembeni, kisimezwe. Baadhi ya mitishamba hubadilisha namna mwili unavyoitumia kemo, na nyingine huumiza ini lile lile linalobeba mzigo wa dawa. Daktari ndiye wa kuonyeshwa.

*Mtu amemwambia aache dawa kwa sababu ameshaponywa.* Usibishane naye sebuleni. Mpeleke kwa kiongozi wa kanisa siku hiyo hiyo, na kiongozi aseme hadharani kwamba kanisa linaomba na linamtaka mgonjwa amalize matibabu. Ni vema aseme hivyo mapema, kabla hajatokea mtu. Aliyeponywa vipimo vitaonyesha; daktari ndiye atakayesimamisha dawa.

*Mgonjwa hataki kuona mtu.* Heshimu. Msaada wa mlangoni uendelee. Ikiwa zaidi ya wiki mbili hali chakula, halali usingizi, hataki hata vile alivyovipenda, waambie wauguzi; huzuni ya namna hiyo ina matibabu.

*Siri imevuja.* Tafuta chanzo, zungumza naye faraghani, mtoe kwenye kundi. Kisha mwambie mgonjwa kabla hajasikia sokoni.

*Dawa zimeisha na watu wametawanyika.* Uchovu unaweza kubaki kwa miezi, na ganzi ya vidole vya mikono na miguu kwa muda mrefu zaidi; vifungo vya shati vinakuwa kazi. Siku za kwenda kuchukua majibu ya vipimo vya ufuatiliaji bado zinahitaji msindikizaji. Acha zamu moja kwa wiki iendelee.

*Madaktari wamesema dawa haifanyi kazi tena.* Ratiba haifungwi, inabadilika. Ulizeni kuhusu huduma shufaa, ambayo hushughulikia maumivu na kupumua, na ni vizuri ianze mapema kuliko siku za mwisho. Punguzeni wageni wa heshima, ongezeni wale aliowataja kwa majina.

*Wewe mratibu umechoka.* Sema kabla hujaanza kuwakaripia watu. Mpe msaidizi daftari, pitieni naye zamu zote moja moja, mjulishe mgonjwa kwamba simu sasa zinakwenda kwa mwingine, kisha pumzika mzunguko mmoja mzima.